Kimya cha Kitanda cha Tano

Siku hiyo Mwanaidi, mkunga wa wodi ya wazazi, alikuwa ameshaudhika kabla hata ya saa sita mchana. Bibi mmoja kutoka nyanda za wafugaji, aliyemleta mkwewe Naserian kujifungua, alikuwa akimfuata kwa mara ya tatu.

"Binti yangu, mkwe wangu anaumwa sana."

"Bibi, mwenye uchungu husikika. Yule wa kitanda cha pili anasikika hadi getini. Wako wa kitanda cha tano ametulia tuli."

"Kwetu mwanamke halii uchungu. Akilia, ameaibisha ukoo."

Mwanaidi, mzaliwa wa pwani ambaye kwao mzazi humwita mama yake hadi babu aliyekwisha kuzikwa, alicheka. Akaandika "ametulia" kwenye faili, akaenda chumba cha wauguzi kula. Wali ukapoa mbele yake, maana maneno ya yule bibi yalimkera, na kukereka kulimchosha. Akalaza kichwa mezani, usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi ya udongo mwekundu, isiyo na ndege wala upepo. Langoni ameketi mzee mnene aitwaye Mazoea, amevaa sare nyeupe kama yake, na Dharau kasimama nyuma akimpepea. Mbele yao ulikuwa mstari mrefu wa wanawake wajawazito. Aliyepiga yowe alifunguliwa lango. Aliyenyamaza alisukumwa shimoni, na shimo lile halikurudisha sauti. Hofu ikamshika Mwanaidi. Ndipo mwanamke mwembamba, aliyejitaja kuwa Usikivu, akamshika bega, akasema taratibu, "Mazoea si mwovu, mwanangu. Ni mvivu tu, naye ameua wengi kuliko mwovu. Kila jamii ina mlango wake wa kutolea maumivu. Wewe umekaa kwenye mlango mmoja, ukadhani nyumba haina mtu. Acha midomo, tazama mikono."

Akatazama. Vidole vya wale walionyamaza vilikuwa vimeng'ang'ania nguo hadi kucha zinavuja damu. Wa mwisho alikuwa Naserian. Mazoea akamnyooshea Mwanaidi kalamu. "Andika kama ulivyozoea." Mkono wake ukaandika, naye hakuutaka uandike, na Naserian akatumbukia bila neno.

Alizinduka akitota jasho, na kabla hajasimama akajua kwamba yule wa langoni alikuwa yeye mwenyewe. Alikimbia. Naserian alikuwa amekunja shuka kwa ngumi mbili, macho darini, midomo imekauka. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao na halikulegea. Mwanaidi akapaza sauti kumwita daktari.

Walimpasua. Naserian alipona. Mtoto alitoka amelegea, wakampulizia hewa muda mrefu ndipo akatoa kilio chembamba, na daktari hakuahidi kitu. Mwanaidi akatoka nje kumweleza bibi, akamwomba radhi, akasema hakujua, kwa kuwa mgonjwa alinyamaza.

Bibi alimtazama kwa utulivu.

"Mkwe wangu alinyamaza, ni kweli," alisema. "Mimi nilinyamaza lini?"