Makovu ya Fuwele

Mwanamke wa darasa la saba anayezijua fuwele kunishinda mimi hajazaliwa. Miaka kumi na tisa niko nazo maabara! Haya, mimi nasafisha sakafu. Fuwele zenyewe ni za mjukuu wangu, na tanuri lake nimekatazwa hata kulifuta vumbi.

Alinieleza kwa mfano wa ukuta. Madini ya fuwele zile yakichomwa pasipo hewa hupoteza oksijeni, na mapengo hujipanga safu moja, kama matofali yaliyong'olewa. Ukuta hauachi tundu; unateleza, unajifunga, unabaki na kovu bapa. Kila kovu huifinya fuwele, nguvu ikajilimbikiza ndani kama springi iliyobanwa. Makovu mawili yakikaribiana, kubanwa kunazidi, basi yanasukumana mpaka yaachane sawasawa.

"Kama wake wenza," nikamwambia.

"Hasa, Bibi. Ila yanataka muda. Tanuri likipoa kabla ya siku nne, yataganda papo hapo yamebanana, na fuwele itapasuka. Madini yaliyobaki ni haya tu. Yakiharibika, shahada yangu ndiyo basi tena."

Siku ya pili ya tanuri, mama yake, mwanangu wa kumzaa aliyekuwa mgonjwa nyumbani, akashindwa hata kumeza maji. Kila akifumbua macho: "Mama, mtoto yuko wapi?"

"Anapika mawe."

Alitabasamu nusu. Nusu ya pili hakuwa na nguvu nayo.

Asubuhi iliyofuata, mjukuu alipokwenda kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikazima swichi ya tanuri. Aliporudi mchana nilikuwa nimeshaiwasha, lakini sindano ya kipimajoto ilikuwa imelala chini.

"Umeme ulikatika," nikamwambia. "Twende nyumbani kwa mama yako."

Alilia njia nzima. Lakini alimkuta mama yake hai, akamshika mkono siku mbili, mpaka mkono ukawa baridi.

Baada ya mazishi tukarudi maabara. Akaweka kipande chini ya hadubini, akanivutia kiti nitazame. Mistari ya makovu imerundikana, mingine imepandana, na katikati ufa.

"Umeme huu," nikasema, "hauna huruma."

Alikwenda kwenye tanuri, akapitisha kidole juu yake. Kikatoka na vumbi la kijivu. Akakipitisha kingine kwenye swichi. Kikatoka safi.

"Bibi," akasema taratibu, "swichi hii nani kaifuta?"

Nikafungua mdomo niutaje umeme tena. Kitambaa cha kufutia vumbi kilikuwa begani kwangu.