Kalamu Ikiwa Mbili

"Sema ikiwa mbili," alisema Veneranda, akiisogeza kalamu taratibu kuelekea puani mwa mumewe.

Optatus alikuwa bado mezani kwa chai, sare ya udereva mwilini, dakika ishirini kabla ya kwenda kuchukua basi lake kituo cha Hjulsta, huku ughaibuni. Siku hizi akitoka humkonyeza mkewe pale mlangoni, mambo ya uchumba uzeeni, na Veneranda hujifanya hajaona.

Tangu Januari Veneranda anasaidia kliniki moja ya macho kupima watu wazima wenye asili ya Asia, wazima wa macho, ili ijulikane kawaida yao ni ipi. Amepima mia moja na kumi na wawili. Wengi huiona kalamu mbili ikibakiza sentimita sita au saba kufika puani. Leo alitaka tu kuizoea rula mpya ya kupimia umbali huo.

Kwenye sentimita ishirini na nne, jicho la kushoto la Optatus liliachia, likateleza polepole kuelekea sikioni.

"Ngapi?"

"Moja."

Kumi na tano. "Ngapi?"

"Moja, Mama Diane. Moja tu."

Kliniki walimfundisha Veneranda aangalie jicho, asitegemee mdomo, na miezi yote hii hakuna aliyemdanganya.

"Baba Diane, jicho lako limekwenda pembeni."

"Kipimo chenu ni cha Waasia," Optatus alicheka. "Mimi Mhaya. Au mnalo jedwali la Wahaya?"

Hawakuwa nalo. Kwa maneno, Mhaya humwezi. Lakini Veneranda alikumbuka kioo cha basi kilichogonga nguzo wiki iliyopita, na chai iliyomiminwa juzi kando ya kikombe.

"Tangu lini?"

Kicheko kikakatika. "Tangu Krismasi. Nikiona mbilimbili nafumba jicho moja, inapita."

"Barabarani? Na abiria ndani?"

"Nikisema, leseni inakwenda. Kwa umri huu nani ataniajiri?" Akasimama. "Usiandike popote."

"Leo usiende. Nakuomba. Piga simu, sema unaumwa."

Optatus alivaa koti, akanyoosha mkono kwenye msumari wa funguo, akashika hewa. Akatulia. Akafumba jicho la kushoto, akazitungua funguo mara moja.

Kisha akamgeukia mkewe pale mlangoni, jicho bado limefumbwa, kama kila asubuhi.