Magonjwa Kumi na Mawili ya Mbaruku

Barua ya Shirika ilisema mume wangu aachishwe kazi kwa sababu ana magonjwa kumi na mawili. Niliisoma mara mbili, maana kisomo cha watu wazima kilinifundisha nisiamini karatasi mara ya kwanza. Kisha nikamtazama Mbaruku, aliyekuwa anamalizia kitumbua cha nne. Mgonjwa wa namna hiyo sijawahi kumwona.

"Baba Zuhura, unaumwa nini zaidi ya macho?"

"Sijui, mama Zuhura. Labda wao wanajua."

Ndivyo alivyo. Ukimwambia amekufa, atauliza sanda iko wapi. Mpole mpaka anakera. Alikuwa mtunza bohari wa hilo Shirika la magunia, eneo la Gerezani, na kazi ile ndiyo iliyotulipia chumba cha Mtaa wa Sikukuu. Ikiondoka, na sisi tunafungasha.

Macho ndiyo yaliyoleta yote. Tangu tuoane yalikuwa mekundu, yanawasha, na kila asubuhi yanatoka maji. Watu wakasema anavuta bangi. Mimi nikasema ni vumbi la magunia, nikamwandama mpaka akaenda zahanati ya macho. Daktari akamchanja mkononi, michanjo midogo midogo, kila mmoja na tone lake: la vumbi, la pamba, la manyoya ya paka, la maua ya aina aina. Pale patakapovimba, kitu cha tone hilo ndicho macho yake yanachokikataa. Alirudi akasema hawakuona kitu, na mimi mjinga nikamwamini.

Sasa nikajifunga kanga, nikamshika mkono, tukaenda zahanati. Karani aliyeandika hati za madai, zile zinazopelekwa Shirika lilipie matibabu ya wafanyakazi wake, alikuwa binti wa Kichaga anaitwa Severa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mume wangu umemwandikia magonjwa kumi na mawili?"

Akafungua jalada, akajishika kichwa.

"Hizi ni namba za vipimo, mama. Kila tone lina namba yake na mstari wake, ili Shirika lilipie. Pembeni ya mstari ndipo ninapoandika kilichoonekana. Hapa pembeni sikuandika kitu, kwa hiyo watu wa Shirika wamehesabu kila namba kuwa ni ugonjwa."

"Na kwa nini hukuandika?"

Severa akamtazama Mbaruku. Mbaruku akatazama makubadhi yake.

"Baba ndiye aliyeniomba. Alisema nakala inakuja nyumbani, na wewe unasoma kila karatasi inayoingia."

Nikamgeukia.

"Ni asumini," akasema.

Kila jioni tangu harusi yetu nilikuwa namwaga asumini juu ya shuka, na nyingine naziweka kwenye mto wake. Ndivyo nilivyofundwa. Mimi si mtu wa maneno matamu, mdomo wangu ni wa kukemea. Alichotaka kujua kuhusu moyo wangu alikikuta kitandani.

Damu ikanichemka.

"Miaka yote hii unalala juu yake, na unajua?"

"Nilikuwa nahisi tu. Daktari ndiye kanithibitishia."

"Si ungeniambia, nikaacha!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Severa akajitia kutafuta kalamu. Alipoipata akaandika pembeni ya mstari mmoja: aleji ya macho, asumini. Kwingine kote akaandika hakuna, akapiga muhuri.

Tukaipeleka hati mpya hadi Shirika, na Afisa Utumishi, Ndugu Marcelino, akaisoma polepole.

"Kumbe ni kimoja tu. Kazi yako ipo, Ndugu Mbaruku, ila mtunza bohari lazima aone vizuri. Nihakikishie. Kitu hiki kitaondoka nyumbani kwako?"

Mume wangu, ambaye sijamsikia akibishana hata na mbuzi, akasema, "Hapana, Ndugu."

Kalamu ya Marcelino ikasimama juu ya karatasi. Niliona wazi kwamba Mbaruku yuko tayari kupoteza kazi yake, kwa upole wake uleule. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia.

"Kitaondoka leo," nikasema. "Nionyeshe pa kutia sahihi. Kitanda nakitandika mimi."

Nikaandika jina langu lote, Sitara binti Abbasi, na Marcelino akatia lake chini ya langu.

Jioni muuza asumini alipopita barazani nilimwambia aende zake. Nikatandika shuka tupu. Chumba kilinuka sabuni tu, nikajiona kama mke aliyenuna. Mbaruku akaingia, akakaa kitandani, akapapasa mto wake. Machozi yakaanza kumtoka.

"Leo hakuna hata ua moja," nikamwambia. "Sasa unalia nini?"

"Hilo hilo."

Nikakaa karibu naye. Sikuwa na kitu cha kumwaga wala cha kupamba. Nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba nampenda, na sauti ilinitoka mbaya, kama ninamkemea.