Pima Mia Mbili Kwenda Juu

Zamu ilikuwa imekwisha na watu walikuwa njiani kutoka mgodini, wanapanda. Digory Trevorrow alikuwa amefika nusu, mshumaa umegandishwa kwa udongo kwenye kofia, vyuma vya kutobolea mwamba, vilivyokuwa butu na vya kupeleka kwa mhunzi, vinamning'inia begani. Chini yake alipanda Hender, mume wa binti yake Loveday. Migodi ya shaba ya Cornwall siku zile ilikuwa na ngazi tu: pima mia mbili hadi kwenye mwanga, na kupanda hakukuwa na malipo.

Digory akasimama, akaikumbatia ngazi.

"Umelala huko, mzee?"

"Napunguza kazi, mkwe. Ukipanda polepole, kazi inakuwa ndogo."

Hender alikuwa akisoma hesabu za mitambo katika darasa la jioni kanisani. "Haipungui. Kazi ni uzito mara kimo. Panda mbio, panda kama kobe, ni ileile."

"Na nikisimama hivi?"

"Hapo hufanyi kazi yoyote."

"Mikono inanitetemeka, nawe waniita mvivu! Loveday alikuokota wapi?"

Waliokuwa chini wakacheka. Digory hakucheka. Mwaka mzima moyo wake ulikuwa ukiruka mapigo, naye alikuwa ameficha, maana mwanamume aliyeshindwa ngazi alipelekwa juu kuponda mawe pamoja na wanawake. Tumaini lake lilikuwa huo mwendo wa pole. Sasa nalo limekwenda.

"Basi kinachopunguza ni nini?"

"Uzito au kimo. Kimo hatukiwezi. Lete vyuma."

Digory akampa. Akapanda mwepesi, pumzi zikarudi, karibu apige mluzi. Kisha akasikia pumzi nyingine chini yake, nzito, inakwaruza. Vile vyuma havikupotea. Vilikuwa vinapanda kimo kilekile, ila kwa kifua cha mume wa mwanawe.

"Rudisha, Hender."

"Panda, mzee, unaziba njia!"

Huko juu Hender alikaa kwenye nyasi, akashindwa hata kufungua kamba ya begani. Digory alimtazama kitambo, kisha, na nguo zake mbichi vilevile, akaenda kwa msimamizi kuomba nyundo ya kupondea mawe.

Aliponda mawe miaka minne, akafa kitandani. Hender aliendelea kushuka. Kifua kikammaliza kabla hajatimiza miaka arobaini. Loveday aliwazika wote wawili, akaolewa na mwoka mikate. Mgodi ulikuja kupata mtambo wa kupandisha watu, na mwaka uliofuata ukajaa maji, ukafungwa.