Kengele ya Martini

Jina la mtu aliye hai halisomwi pamoja na majina ya marehemu. Kila mtu wa Mbulumbulu alilijua hilo, aliyebatizwa na asiyebatizwa, na alijua pia kwamba mwenye kukosea hutoa kondoo. Mwalimu Clemensi, katekista mstaafu, alilijua kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeyasoma majina hayo kanisani kila Novemba tangu enzi za mapadre wa kizungu.

Kilichomkera ni kwamba, kwa hesabu yake, hakuwa amekosea.

"Nitarudia," alimwambia Inosenti, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kumwona asubuhi hiyo. "Marehemu ni mtu aliyekufa. Shujaa ni mtu aliyetenda ushujaa. Anaweza kuwa kaburini, anaweza kuwa jikoni anakunywa uji. Ni maneno mawili, Inosenti. Nilikufundisha mwenyewe."

"Ulinifundisha, Mwalimu. Lakini uliagiza kengele ipigwe."

"Kwa heshima!"

"Ile ni kengele ya msiba."

"Kanisa lina kengele moja. Ulitaka nipige debe?"

Inosenti alijikuna shingo, akatazama pembeni. Yeye ndiye aliyemletea kazi hii. Vijana walikuwa wamerudi kutoka vita vya Kagera, na agizo likafika kwamba tarehe mosi Septemba kijiji kiadhimishe Siku ya Mashujaa, historia yake ielezwe na majina ya mashujaa wa hapo yasomwe. Nani mwingine angeieleza historia hiyo?

Naye Clemensi aliieleza vizuri, pale kanisani. Alisimulia jinsi watawala, baada ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, walivyoweka siku yao ya Novemba, yenye tarumbeta na maua mekundu ya karatasi. Jinsi wazee waliorudi kutoka Burma walivyosimama juani na makoti yao mazito, wakasikiliza majina ya wenzao waliobaki huko, kisha wakarudi makwao kwa miguu. Jinsi siku ile ilivyofifia baada ya Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya mfalme wa watu wengine. Na jinsi taifa sasa lilivyopata mashujaa wake lenyewe. Nusu ya wasikilizaji walisinzia. Waliamka aliposoma majina. Piusi, kengele. Yohani, kengele. Hao wawili walizikwa mbali. Martini, kengele. Na Martini alikuwa amesimama pale mlangoni, ameegemea gongo lake, mguu mmoja ameuacha vitani.

Mama yake, Evarista, akapiga yowe. Kabla ya jua kutua nyumba yake ilihesabiwa kuwa imeingia metimani, ule utengo ambao Wairaqw huiwekea nyumba iliyofikwa na kifo: hakuna aombaye moto pale, hakuna aingiaye, hakuna agusaye mazao yake. Na ngano ya Martini ilikuwa imekauka shambani, ikisubiri majirani walioahidi kuja kuivuna. Hawakuja. Ndege ndio waliokuja, makundi kwa makundi.

Inosenti alipoondoka, Clemensi alichukua fimbo yake akaenda kuwaeleza watu sarufi. Alianza kwa Josephati, mkuu wa wavunaji, aliyekuwa kivulini akinoa mundu ambao hakuwa na kazi nao.

"Mkatoliki gani wewe, unayeogopa shamba la mtu mzima na akili zake?"

"Mimi Mkatoliki mzuri, Mwalimu," alisema Josephati bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana niliisikia kengele."

Clemensi alimgeuzia mgongo. Akapanda kilima hadi kwa Evarista. Martini alikuwa uani, akirusha madonge ya udongo kuwafukuza ndege, nayo hayakufika hata nusu ya shamba.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu, kama huogopi maiti."

"Marahaba. Acha upuuzi."

"Upuuzi upi? Adui alinipiga bomu Kagera akanishindwa. Wewe umeniweza kwa kipande cha karatasi."

Alicheka, lakini Evarista hakucheka. Alitoka ndani na kanga ya msiba begani.

"Baba Katekista, huyu nilimlilia miezi mingi, barua haziji. Akarudi. Nikasema basi, Mungu amenirudishia. Na wewe ukaniulia mbele ya watu."

"Mama Martini, nilimpa heshima. Serikali imesema shujaa..."

"Heshima inavuna ngano?"

Clemensi alitazama shamba. Upande wa juu masuke yalikuwa yamebaki makapi matupu. Ndege walishuka tena kama kitambaa kinachotandikwa, na Martini akainama kutafuta donge jingine, gongo likateleza, akaangukia mkono mmoja. Hakuomba msaada. Clemensi alimwinua, akampangusa vumbi kwa hasira kana kwamba vumbi lile nalo lilikuwa halijui kusoma.

"Nchi nzima," alinung'unika, "nchi nzima ina neno moja, shujaa, kwa walio hai na waliokufa, na mimi ndiye nilipe!"

Akashuka kwake, akarudi akiburuta kondoo dume mnene, akimsemesha maneno ambayo katekista hayasemi. Wazee, Inosenti na wavunaji walikuwa wamekwisha kusikia, walimngoja nje ya ua. Walimtaka kwanza aliite jina lile, mwenyewe aitike.

"Martini!" aliita.

"Naam, nipo."

"Kwa sauti, Mwalimu, kama ile ya kanisani," alisema Inosenti.

"Martini!" Sauti ilifika hadi mtoni.

"Nipo! Nina njaa!"

Watu walicheka, hata Evarista, akaivua kanga begani. Kondoo akachinjwa, majani ya tumboni mwake yakanyunyizwa mlangoni na kwenye ukingo wa shamba. Josephati akavuka ukingo huo na mundu wake, wenzake nyuma yake.

"Tuanzie wapi?"

"Bondeni!" alifoka Clemensi. "Huku juu mmekwisha kuwaachia ndege."

Inosenti akamsogelea. "Imekwisha, Mwalimu. Umelipa."

"Nimelipa kondoo," alisema Clemensi. Aliinama, akaifungua kamba shingoni mwa mnyama, akaikung'uta damu na kuiviringisha mkononi. "Kamba ni yangu."

Akashika njia ya nyumbani.