Karai la Apolinari

Mwaka jana Rhoda, dada wa mapokezi kwenye makumbusho ya sanaa pale Shinyanga mjini, alimsomea Generosa faida za uanachama wa familia. Kuingia mwaka mzima kwa kadi moja. Darasa la kuchora kwa watoto. Mwaliko kila zinapotundikwa picha mpya. Generosa aliyasikia hayo kwa sikio moja. Lililomkaa moyoni lilikuwa la mwisho: kila familia ilipewa nafasi ukutani ya kutundika kitu kimoja cha nyumbani kwao, na majina yao chini yake.

Alipeleka karai ambalo marehemu mumewe, Apolinari, alioshea mchanga wa dhahabu kwa miaka ishirini. Chini yake wakaandika: Generosa, Maige, Vumilia, Limi. Yaani yeye, mwanawe, mkwewe na mjukuu. Wakati huo wote wanne walilala chini ya bati moja. Haukupita mwezi, Maige akahamia machimbo ya Segese kuchimba dhahabu, na mkewe na mtoto wakamfuata. Penseli aliyotengewa Limi darasani haikuwahi kuchongwa.

Generosa aliendelea kwenda kila Jumamosi, akishamaliza kufua na kusali rozari. Alionyesha kadi ya watu wanne, akaingia mtu mmoja. Wageni wakimuuliza habari za karai alijibu, "Ni letu," kisha akatazama pembeni kama anayetafuta wenzake.

Sasa kadi ilikuwa inafikia mwisho. Ili kuiendeleza, watu wazima wote walitakiwa kuja kusaini wenyewe kabla ya saa kumi jioni. Vumilia alikuwa amepita Jumanne akienda kwao Samuye, akasaini haraka haraka huku basi likimsubiri. Alibaki Maige, naye aliahidi kuja siku ya mwisho. Asipokuja, karai lingeshushwa.

Siku hiyo Generosa alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi. Saa tisa simu ikaita.

"Shikamoo, mama. Duara limetema."

"Marahaba," alijibu.

Mke wa mchimbaji hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Shimo lao limeanza kutoa dhahabu, na anayeondoka kabla mawe hayajagawiwa hana lake. Hata ubatizo wa Maige, Apolinari aliukosa kwa duara lililotema.

"Nisainie wewe," Maige alisema. "Mwandiko wangu unaujua."

Rhoda alikuwa amesikia. Akasogeza fomu na kalamu, akageukia kabati kupanga mafaili yaliyokwisha kupangwa.

"Mimi sijaona kitu, Mama Maige."

Generosa alishika kalamu. Herufi za mwanawe alizijua tangu madaftari ya darasa la kwanza, hasa ile M iliyoinama upande. Ingekuwa kazi ya pumzi moja, na karai lingebaki mwaka mwingine juu ya majina manne. Akafumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Alipofumbua, fomu ilikuwa palepale.

"Mungu ameona, na bado hata sijaandika," alisema. "Nipe ya mtu mmoja, mwanangu."

Rhoda hakubishana. Alipanda stuli, akalishusha karai, akalipangusa vumbi kwa upindo wa khanga yake. Ukutani ilibaki alama ya duara, nyeupe kuliko rangi ya kando. Kisha akamkabidhi kadi mpya pamoja na tiketi moja: kadi ya mtu mmoja humruhusu mwenyewe kuleta mgeni mara moja kwa mwaka.

"Utamleta nani?"

Generosa alilikwapua karai, akatoka. Alipofika nyumbani alilitundika karai kwenye msumari wa mlangoni, mahali pa zamani, akatia tiketi ndani yake. Halafu akamwandikia Maige ujumbe kwamba hakusaini, kwamba karai lipo nyumbani, na kwamba ndani yake kuna tiketi ya mgeni.

Akapika ugali wa mtu mmoja. Alipokwisha kusali kabla ya kula, aliiweka simu kando ya sahani, kioo kikiangalia juu.