Shamba la Saa Kumi

Jumamosi ile, kabla ya usingizi uliomletea ndoto hii, Subilaga alikuwa amekwisha kusema "sawa bosi" mara tatu, na kila aliposema alijisikia kama mtu anayevuliwa viatu hadharani. Alikuwa mpanga ratiba wa Runinga ya Nyanda, kituo cha michezo cha mikoa ya nyanda za juu, mwenye miaka kumi na tisa kwenye kiti kilekile, na kazi yake ilikuwa kuamua mchezo gani urushwe saa ngapi. Saa nne asubuhi mkurugenzi mpya, Bwana Chediel, aliyeletwa na wenye kituo wapya, alimpigia simu kutoka Dar es Salaam akamwambia kwamba kipindi cha saa kumi jioni, ambacho tangu kituo kizaliwe kilikuwa cha mechi ya nyumbani, kuanzia leo kitarudia mechi ya jana ya Ulaya. "Kwani leo ulipanga nini pale, dada Subilaga?" "Nusu fainali ya mpira wa pete, bosi. Wauza Ndizi wa Kiwira na Wauguzi wa Makete." Bwana Chediel alicheka, tena kicheko cha mtu mwema, ndicho kilichouma, akasema, "Nani ataangalia wauza ndizi wakirushiana mpira?" Subilaga akaifuta mechi kwenye ratiba, akaweka ile ya Ulaya.

Haikupita saa nzima akapiga simu Tupokigwe, mtangazaji wao, aliyekuwa uwanjani tangu alfajiri na kamera yake. "Dada, huku pamejaa! Akina mama wamefunga vibanda vyote vya ndizi, Kiwira nzima leo hupati hata chane moja." Subilaga akamkatiza. "Mechi haitarushwa, Tupo. Ratiba imebadilika." "Mwe! Imebadilishwa na nani, dada, wakati ratiba ni wewe?" Hapo ndipo Subilaga, kwa kuchoka na kwa kutaka maneno yaishe, alisema neno ambalo angelipa chochote alirudishe kinywani: "Na kweli, mdogo wangu, nani ataangalia?" Tupokigwe akasema kamera ataiacha imesimama na picha zitaendelea kufika kituoni, dada mwenyewe ataamua. Ilipofika saa nane Subilaga alilaza kichwa juu ya meza, mvua ikichezacheza juu ya bati, na usingizi ukamchukua akiwa bado amekunja uso.

Akajiona yuko katika nchi pana, nyekundu, iliyokatwa vishamba vidogo vidogo sawasawa, kila kishamba na ukubwa wa nusu saa. Hakuambiwa na mtu. Alijua tu, kama tunavyojua mambo ndotoni, kwamba tuta moja lilikuwa siku na kishamba kilikuwa kipindi, na kwamba nchi yote ile ilikuwa muda wa Runinga ya Nyanda tangu siku ya kwanza. Akatembea juu ya matuta ya miaka ya mwanzo, na kila kitu alikikuta kimeota palepale kilipopandwa: mashindano ya bao ya saa tatu mfululizo, yaliyorushwa na kamera moja iliyofungwa darini ikitazama kete na vidole tu, mbio za baiskeli za kutoka Tunduma, ambazo nusu yake ilikuwa ukungu mtupu na mtangazaji akiapa kwamba waendeshaji wamo humo, mieleka ya wanafunzi, kuvuta kamba kati ya wapishi wa shule mbili, ambako kamba ilikatika na pande zote mbili zikadai ushindi. Alilikuta hata ghala la mbegu ambamo marehemu Mzee Mwaisela, mwanzilishi, aliwasha mtambo kwa mara ya kwanza, panya wakikimbia nyuma ya msoma habari. Subilaga akacheka peke yake, na kucheka kule kukamletea machozi ambayo hakuyatarajia.

"Usilie, unanilowanishia mashamba," sauti ikasema. Alikuwa mtu mrefu mwenye glovu kubwa za kipa, magoti yamechubuka, na uso wake Subilaga aliujua mara moja, kwa sababu nyanda zote ziliujua: uso wa Ambakisye, kipa wa zamani wa timu ya Reli. "Shikamoo, kaka Ambakisye." "Marahaba, lakini mimi siye. Nimeuazima uso wake kwa kuwa ndiye aliyenitendea haki kuliko wote. Mimi naitwa Ukaidi." Subilaga akarudi nyuma hatua, maana tangu utotoni alikuwa ameonywa juu ya jina hilo. Ukaidi akatabasamu. "Kwenu walimu wananichapa na mama zenu wananisema vibaya, na mara nyingi wana sababu. Ukinitumia kila siku nitakuharibu, utagombana hata na mlango. Nitumie siku ile tu unapoambiwa uifanye kazi ambayo mikono yako imekwisha kuikataa. Njoo, leo una kesi."

Walipita kwanza kwenye mashamba ya Bwana Mkato, kijana nadhifu mwenye mundu mwembamba, mwenye haraka ya kushinda saa yenyewe. Alikuwa akikata mechi moja baada ya nyingine, anachukua goli na kuacha kila kitu kingine kwenye matope: beki aliyekimbia uwanja mzima kuokoa, refa aliyefunga kamba za kiatu, mzee jukwaani aliyegeuka nyuma asione penalti. Magoli yalikuwa yamerundikwa pembeni yakimeta, na hakuna aliyeweza kusema lipi lilikuwa la nani. "Dakika tatu zinatosha," Mkato akamwambia Subilaga kwa upole. "Watu wana shughuli. Nikishamaliza, hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kingine." Subilaga akainama, akaokota beki yule na refa yule, akawaweka juu ya tuta wakauke, na Mkato akashangaa mtu mzima kuhangaika na mabua.

Mbele zaidi alikaa Bi Shuhuda juu ya kreti la soda, anatafuna karanga, macho yameganda kwenye uwanja usio na mchezaji hata mmoja. Subilaga akamuuliza anaangalia nini. "Naangalia," akasema. "Lakini hapana kitu, mama." "Ndiyo maana nimewahi. Ukija baada ya kitu kutokea, wewe si shahidi, wewe ni msikiaji wa habari." Akasogea kidogo kwenye kreti, kama anayemwachia nafasi, kisha akaongeza pasipo kugeuza shingo, "Watu huniuliza tuko wangapi. Mchezaji hajawahi kuniuliza hivyo. Yeye akishafunga hutupa jicho pembeni mara moja tu, aone kama kuna mtu aliyeona." Akampa karanga, nazo zilikuwa za moto.

Wakafika kwenye tuta la Jumamosi. Kishamba cha saa kumi kilikuwa kimezungushiwa uzio wa miti, ila upande mmoja miti minne ilikuwa imeng'olewa, na kwenye pengo hilo alisimama Bi Aibu. Asikudanganye mtu, msomaji, kwamba Aibu ana sura mbaya. Alikuwa mwanamke wa kupendeza, ananukia, anasema taratibu kama anayekujali, na mkononi alishika mzani wa ajabu uliopima vitu kwa umbali wa vilikotoka. Akaweka upande mmoja mechi ya nusu fainali, na upande mwingine soksi moja kutoka Ulaya, na soksi ikazama mpaka chini. "Unaona mwenyewe, mpenzi," akasema. "Mimi sikuchukii. Nataka tu usichekwe. Au umesahau lile goli?"

Subilaga hakuwa amesahau. Mwaka wa pili wa kituo, mkanda wa kamera yao moja uliisha dakika ya themanini na nane, na dakika ya themanini na tisa wachuma chai wakawafunga Reli goli la ushindi ambalo kamera haikuliona. Baada ya filimbi Mzee Mwaisela mwenyewe alishuka uwanjani akaziomba timu zirudie goli lile ili watu wa nyumbani walione. Wote wakakubali, na Ambakisye naye akakubali, akarudi golini. Mpira ukapigwa, Ambakisye akaudaka. Akaomba radhi, akasema mikono imemponyoka. Ukapigwa tena; akaudaka tena. Mara ya nne giza likaingia, na kituo, kwa kukosa la kufanya, kikarusha picha za kipa anadaka mpira huku mtangazaji akilia "Goooli!" mpaka sauti ikampasuka. Nyanda zote zilicheka mwaka mzima.

"Kituo gani hicho," Bi Aibu akasema, "kinachotangaza goli ambalo kila mtu anaona halikuingia?" Subilaga aliinamisha kichwa, lakini Ukaidi alipiga glovu zake mbili pamoja, zikalia paa! "Eleza yote, bibie. Mwaisela alisimama mbele ya kamera wiki iliyofuata akasema, tulidanganya, goli liliingia lakini si hili mliloliona, na hili mliloliona kipa alilikataa kwa kuwa hajui kufungwa kwa kuigiza. Kwa sababu hiyo watu waliwaamini. Waliwacheka na wakawaamini, vyote viwili." Akamgeukia Subilaga. "Yule kipa alikuwa ameshapoteza mechi. Hakuna alichokuwa anaokoa. Alikataa tu kuusaidia mpira kuingia."

Bi Aibu alimsogelea Subilaga, akainama sikioni, na alipofungua kinywa sauti iliyotoka haikuwa yake wala ya Bwana Chediel. Ilikuwa sauti ya Subilaga mwenyewe, imechoka, inatoka kwenye simu: "Na kweli, mdogo wangu, nani ataangalia?" Subilaga akatazama mikono yake akakuta udongo mbichi umejaa kwenye kucha, na miti minne ya uzio iko begani pake, na hapo akajua ni nani aliyeing'oa. Siku nzima alikuwa amemkasirikia mtu wa Dar es Salaam, kumbe yeye alitoa amri tu, na mwenye jembe alikuwa huku huku, anasema sawa bosi. Akaona uchungu, kisha akaona hasira, na hasira ile ilikuwa safi kuliko kitu chochote alichokihisi mwaka ule.

"Miti haitoshi tena kuziba," Mkato akaita kwa mbali, akija mbio na mundu wake, na nyuma yake vumbi la soksi na skafu na vifijo vya watu wa mbali vikiviringika kuelekea pengoni. "Basi nitasimama mimi," Subilaga akasema. Akaitupa miti chini, akasimama katikati ya pengo, akapanua mikono. Hakuwahi kucheza mchezo wowote maishani. Alikuwa mtu wa karatasi. Ukaidi akamvalisha glovu, zikampwaya. Bi Aibu akampigia kelele, kwa mara ya kwanza bila adabu, "Utachekwa!" "Nimeshachekwa mwaka mzima," Subilaga akajibu, "na niliamka kila siku nikaja kazini. Pita kama unaweza." Mpira ukatoka kwenye vumbi, mzito, umelowa, ukamjia kifuani, naye akaukumbatia kwa nguvu zote mpaka ukamtoa pumzi.

Akaamka ameikumbatia meza. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika thelathini na tano. Mvua ilikuwa imekatika. Hakukaa kutafuta tafsiri, kwa kuwa tafsiri ilikuwa mbele yake kwenye skrini: mstari wa saa kumi, ulioandikwa kwa vidole vyake mwenyewe asubuhi ile. Akaufuta. Akaandika nusu fainali, akampigia Tupokigwe. "Tupo, nisamehe neno nililosema." "Lipi, dada?" "Unalijua." "Nalijua," Tupokigwe akasema. "Tunaingia hewani?" "Saa kumi kamili. Na majina yasome yote, mpaka wa akiba."

Saa kumi na dakika sita simu ya Bwana Chediel ikaita. "Dada Subilaga, hii ninayoiona ni nini?" "Robo ya kwanza, bosi. Wauguzi wanaongoza." "Asubuhi nilikwambia nini?" "Uliniambia niitoe, nikaitoa. Sasa nimeirudisha." "Kwa ruhusa ya nani?" "Yangu." Bwana Chediel hakucheka safari hii. "Huo unaitwa ukaidi." Subilaga akahisi moyo umemruka kwa furaha, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. "Ndiyo, bosi. Ndio wenyewe." "Jumatatu usikanyage hapo ofisini." "Nitakanyaga mara moja tu, kuchukua mwamvuli wangu," akasema, na simu ikakatwa upande wa pili.

Kwenye skrini wauza ndizi walikuwa wamesawazisha, na akina mama pembeni ya uwanja wakapiga vigelegele vilivyoitikisa spika ndogo ya ofisi. Subilaga alivuta kiti karibu. Alikuwa na jioni moja ya mamlaka, na alijua hasa la kuifanyia. Akafungua ratiba ya Jumamosi inayofuata, akaandika fainali saa kumi. Akafungua iliyofuata hiyo, akaandika mbio za baiskeli. Na iliyofuata, kuvuta kamba. Na iliyofuata, bao. Kila moja akiiidhinisha kwa jina lake lote, ili atakayetaka kuing'oa aing'oe kwa mkono wake mwenyewe. Alimaliza Jumamosi zote mpaka Desemba kabla ya filimbi ya robo ya pili.